Mwaka Nilipomwaga Maji Mwambani

Akoth amekufa. Nimeambiwa kwa simu asubuhi, nikiwa nimekaa nje ya nyumba yangu hapa Migori nachambua mchele, na aliyepiga ni mwanawe wa tatu, yule mwenye duka Mbita. Alizungukazunguka kwanza, akanisalimia, akauliza habari za miguu yangu, akauliza kama huku kumenyesha, mpaka nikamwambia sema tu, mimi ni mtu mzima. Akasema. Nikamshukuru, nikamaliza kuchambua mchele, nikaupika, nikaula. Ndivyo nilivyo. Watoto wangu husema mama yao ana moyo mgumu, na huwa siwabishii, maana kubishana na watu niliowasomesha mwenyewe kunanichosha. Akoth alikuwa wifi yangu, dada mdogo wa marehemu mume wangu. Kati ya watu wanne tuliopanda mwambani siku ile kule kisiwani Mfangano, sasa nimebaki peke yangu. Basi nitauandika mwaka ule leo, kabla sijafika matangani nikakuta kila mtu anausimulia anavyotaka.

Ulikuwa mwaka wa ukame, miaka miwili kabla ya Uhuru, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nimeolewa kutoka Ntimaru, kwetu Wakuria, nikaletwa kisiwani, na habari za jinsi mimi na Odero tulivyokutana chuo cha ualimu hazihusiki hapa. Odero alifundisha Homa Bay na kuja nyumbani mara moja kwa mwezi kwa boti. Mimi niliacha kazi nilipopata mimba, nikakaa kwa mama mkwe. Nyumba yangu ilikuwa ya mwisho katika boma, chumba kimoja na sebule ndogo, na dirisha lake lilitazama ziwa. Binti yetu, Achieng', alizaliwa Januari. Aprili alishikwa na homa, akaugua siku tatu, na ya nne, wakati mama mkwe anachochea uji wa wimbi jikoni, nikahisi amekuwa mzito kuliko kawaida mapajani mwangu. Nilikaa naye vile vile mpaka uji ukaiva. Walimzika nyuma ya nyumba yangu, upande wa ziwa, hatua kama thelathini kutoka majini, na juu yake wakaweka mawe matatu ili mbwa wasifukue.

Sikulia. Nataka hili lieleweke, kwa sababu watu wengi wameliongelea. Wanawake walikuja, wakapiga mayowe, wakajitupa chini, wakaimba jina la mtoto, na mimi nilikaa kwenye mkeka nikitazama nyayo zao zilizopasuka. Si kwamba sikuumia. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha, upo lakini huusikii. Niliamka, nikateka maji, nikakamua maziwa yangu mwenyewe nyuma ya choo kwa sababu yalikuwa bado yanatoka, nikarudi nikasaga mtama. Kila jioni nilienda kukaa kwenye yale mawe matatu mpaka giza liingie. Sikuomba, sikuongea. Mahali pale ndipo palipokuwa pangu kisiwani kote, na pengine duniani. Mtu angeniambia niache nyumba, ningeiacha. Mawe yale nisingeyaacha.

Mazungumzo kunihusu niliyasikia jikoni, kwa njia ambayo wenyewe hawakujua. Vijana wa kisiwa wakati huo walikuwa wanasema Dholuo tu, lugha ya Wajaluo, na lugha ya zamani ya pale, Kisuba, ilikuwa imebaki kwa wazee. Wazee waliitumia wakitaka kusema siri mbele ya watoto. Hawakujua kwamba Kisuba na Kikuria ni ndugu, na kwamba mimi, ninayebabaika kwa Dholuo, siri zao nazielewa karibu zote. Nilikuwa nachambua omena, dagaa wa ziwani, sakafuni, mama mkwe na jirani yake wameketi juu ya vigoda vyao, nami nikasikia jirani akisema huyu Nyakuria hana machozi, labda kwao watoto hutupwa. Nyakuria ndilo jina nililoitwa pale, yaani binti wa Wakuria. Mama mkwe akajibu kwamba machozi ya mtu hayadaiwi. Kisha akasema kwamba Odero bado kijana, na kama mke haponi, kuna wasichana wengine. Niliendelea na omena zangu. Mpaka leo sijui kama jibu lile lilikuwa la kunitetea au la kunifukuza, na nimelifikiria miaka sitini.

Julai akaja Memsahib. Alikuwa mzungu wa makamo, jina lake Miss Dora, mwembamba, mwenye kofia ya turubai, na kazi yake ilikuwa kuzunguka nchi akinakili michoro ya watu wa kale iliyo miambani. Alishuka na hema, kamera, karatasi ndefu zilizokunjwa, na kreti ya samaki wa kopo. Samaki wa kopo, kisiwani Mfangano. Akoth alicheka mpaka akashika mbavu. Memsahib alikuwa na Kiswahili cha kuamrisha watumishi, na mlinzi wa mwamba, Mzee Ogutu, ambaye alikuwa kaka wa mama mkwe, hakujua Kiswahili chochote. Tena mambo ya mwamba hakukubali kuyasema kwa Dholuo. Alisema mwamba hausikii Dholuo. Wakatafuta mkalimani, hawakupata, mpaka mimi nikiwa napita na mtungi nikajikuta nimetafsiri sentensi moja bila kufikiri. Mama mkwe aligeuka akanitazama kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anahesabu kila alichokisema jikoni tangu Aprili. Tangu siku hiyo hawakusema tena siri zao karibu na mimi, wala kwa Kisuba wala kwa lugha nyingine, na hilo lilikuja kunigharimu.

Memsahib aliniajiri kwa wiki moja. Nilikubali kwa sababu kukataa kungehitaji maneno mengi. Tulipanda asubuhi ya tatu, watu wanne: Mzee Ogutu mbele na fimbo yake, Memsahib, mimi, na Akoth, aliyekuwa na miaka kumi na saba na nguvu za kubeba mzigo wowote ili mradi aone kitu kipya. Mama mkwe alitupa viazi vitamu vya kuchemsha kwenye jani la ndizi. Njia ilikuwa kavu mpaka vumbi lake lilikuwa laini kama unga, na mbuzi waliokonda walitutazama tu, hata kukimbia hawakutaka. Karibu na juu kuna jiwe pana, na hapo Mzee Ogutu alisimama akatoa masharti, nami nikayatafsiri moja moja. Viatu vinavuliwa. Sauti inashushwa. Mchoro hauguswi kwa kidole. Na maji yote yanaachwa pale chini. Maji hayapandi mwambani ila siku ya kuita mvua, na siku hiyo huyabeba yeye peke yake na kuyanyunyiza yeye peke yake. Memsahib akauliza, kwa ukame huu, mbona hajaita? Mzee akasema kwamba watu wa kisiwa wote wanamwuliza hivyo hivyo, lakini mvua ikishaitwa haiambiwi ije kiasi gani, na yeye bado anasubiri ishara ya wazee wake. Tukaacha kibuyu chetu. Memsahib akaacha chupa moja ya bati. Nyingine, ndogo, ilibaki kwenye mfuko wa kamera, na mimi niliiona.

Watu huniuliza mwamba ule ukoje, hasa sasa ambapo watalii wanalipa kwenda kuutazama. Ni kama kibaraza kilichochimbwa ubavuni mwa jabali, kirefu kuliko darasa, paa lake limeinama juu yako. Ukutani kuna miduara. Mduara ndani ya mduara ndani ya mduara, mwekundu na mweupe, mingine ina miale kama ya jua, mikubwa kama ungo. Hakuna mtu, hakuna mnyama. Mzee Ogutu alisema si babu zake walioichora, ni watu wafupi waliokuwapo kabla, na babu zake waliikuta wakaitunza. Hakujua maana yake na hakuona aibu kusema hajui. Mimi niliitazama na sikuona chochote. Rangi zilikuwa zimefifia, vumbi limezilalia, na kwangu ilikuwa sawa na ukuta wa jiko. Nilikaa chini nikala kiazi.

Adhuhuri jua lilipokuwa kali, Mzee Ogutu alijilaza kivulini nyuma ya jiwe akalala. Memsahib alikuwa amepiga picha nyingi na alikuwa anasonya, kwa sababu, aliniambia kwa Kiingereza, picha hazitatoka, ukuta ni mkavu mno. Akatoa ile chupa ndogo. Akasema mwambani kwingine hufanya hivyo, maji kidogo tu, rangi huamka kwa dakika chache, halafu hukauka na hakuna anayejua. Mikono yake ilikuwa imeshika kamera. Akanipa mimi chupa. Ningeweza kusema hapana. Nililijua sharti, nilikuwa nimelitafsiri kwa mdomo wangu mwenyewe asubuhi ile. Nafsi yangu haikuniambia kitu. Nilifungua chupa, nikajaza kiganja, nikarusha kwenye mduara mkubwa, mara moja, mara mbili, mara ya tatu.

Rangi ikaamka. Sijui niseme vipi. Wekundu ule ulitoka ukutani ukiwa mbichi, kama umepakwa asubuhi hiyo na aliyepaka ameenda kunawa. Miduara ikaonekana hata ile ambayo hatukujua ipo. Na mimi, ambaye tangu Aprili nilikuwa sioni tofauti ya majani na majivu, niliona wekundu. Nilifurahi. Nakiri, nilifurahi, kwa muda wa kukauka kwa maji, na nilikuwa nimeinua kiganja kurusha tena nilipogeuka nikamwona Akoth amesimama na mkono mdomoni. Tukaanza kushuka. Alinishika kanga akaniambia hatamwambia mtu, akaapa kwa jina la baba yake. Memsahib aliondoka wiki hiyo hiyo na picha zake, akatuachia makopo sita ya samaki, ambayo mama mkwe aliyatumia kupandia miche ya nyanya.

Mvua ilianza Oktoba. Siku ya kwanza watu walitoka nje wakasimama wamelowa wakicheka, na Mzee Ogutu akapelekewa kuku, naye akawarudisha akisema hajafanya kitu. Nilimsikia akisema hivyo. Novemba haikuacha. Desemba watu hawakucheka tena. Mahindi yalioza yakiwa yamesimama, kuta za nyumba zikamomonyoka kuanzia chini, kuni hazikuwaka na tulikula muhogo uliochemka nusu. Nyumba nzima ilinuka blanketi bichi. Halafu ziwa nalo likaanza kupanda. Si kwa wimbi. Lilipanda taratibu, unaamka unakuta limeongeza hatua moja na limetulia tu. Wanaume waliingiza nyavu ndani, kisha wakavuta mitumbwi hadi ilipokuwa njia ya ng'ombe. Kutoka kwenye mawe matatu hadi majini zilikuwa hatua thelathini. Nilizihesabu kila jioni. Zikawa ishirini na mbili. Zikawa kumi na tano.

Nilijua kilichotokea. Msinicheke. Nilikuwa nimesoma chuo, nilikuwa nimefundisha watoto wa darasa la tatu mvuke na mawingu kwa kuchora ubaoni. Lakini ukikaa juu ya kaburi la mwanao na maji yanakujia, na mkono uliorusha maji pasipo ruhusa ni huu niliouweka magotini, elimu ya ubaoni inakaa pembeni. Nilikuwa nimeyaita mimi. Yalikuwa yanakuja kuchukua kilicho changu, na niliona ni haki. Wazo la kumhamisha mtoto lilinijia, tena mara nyingi. Nilifikiri ningeenda kwa mama mkwe nimwambie, Mama, waambie shemeji zangu wamhamishe, wamzike juu. Lakini ningeomba kwa mdomo gani? Tena kwetu Ntimaru mambo ya makaburi ni ya wazee wa ukoo, mke wa kutoka nje hayagusi, na nilidhani ni hivyo kila mahali. Nikasubiri mwenye boma aseme. Hakuna aliyesema.

Zilipobaki hatua saba walikuja shemeji zangu wawili, asubuhi, na majembe na mkeka mpya mdogo umekunjwa. Wakakaa mlangoni kwangu. Nikadhani wamekuja kubomoa nyumba yangu, maana boma lote lilikuwa linahamia mlimani. Niliwapikia uji. Wakanywa, wakanitazama, wakaongea habari za samaki, jioni wakaondoka. Kesho yake wakaja tena. Nikawapikia tena. Akoth alipita na kurudi uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, na kila macho yetu yalipokutana aliangalia pembeni. Siku ya tatu Odero mwenyewe akafika kutoka Homa Bay, amelowa mpaka kifuani, akaketi kitandani karibu yangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi.

"Una neno lolote la kuniambia?" akaniuliza.

Nikafikiri Akoth amemwambia habari ya mwamba. Nikafikiri akisikia kwa mdomo wangu ndiyo mwisho, nitarudishwa kwetu na nitaacha mawe yangu siku hiyo hiyo.

"Sina," nikasema.

Akaniuliza tena, polepole, akinitazama usoni. Nikasema sina. Akainuka akatoka, na nilisikia nyayo za wanaume watatu zikiondoka kwenye matope. Siku tano baadaye nilienda jioni kama kawaida nikakuta maji yamelala juu ya mahali pale, ya kahawia, hayafiki hata goti. Mawe mawili yalionekana chini yake. Kesho yake hayakuonekana. Nilirudi ndani nikafunga vyombo vyangu kwenye kanga kwa sababu ilikuwa siku yangu ya kuhama.

Jiko jipya la mlimani lilikuwa la nyasi mbichi na moshi wake ulikuwa mwingi. Tulikuwa wawili tu mle, mimi nimeshika sufuria ya uji juu ya mafiga yaliyokuwa hayajakaa sawa, mama mkwe amenipa mgongo. Alikuwa hajasema nami kwa siku nne. Alipogeuka alisema kwa Kisuba, lugha ambayo hakuwahi kunisemesha tangu niolewe.

"Mtoto yule ulikuwa humtaki?"

Nilimwuliza nani kasema hivyo.

"Wanaume wamekaa mlangoni kwako siku tatu wakikungoja. Na mkeka niliwapa mimi."

Nikamwuliza walikuwa wananingojea nini. Ndipo akaniambia, huku akinitazama kama mtu asiyeamini kwamba anahitaji kuliambia hilo. Katika ukoo ule kaburi la mtoto anayenyonya haliguswi mpaka aliyemzaa aseme kwa mdomo wake, mhamisheni. Neno moja linatosha. Na hakuna anayeruhusiwa kumkumbusha, awe mume, awe mama mkwe, kwa sababu anayemtangulia kusema anamwitia mtoto mwingine kifo. Kila msichana wa kisiwani hulijua hilo kabla hajajua kusonga ugali. Walingoja. Walimleta Odero kutoka Homa Bay aje angoje.

"Mimi ni Mkuria, Mama," nikasema. "Sikujua."

Aliketi. Nikaona nimalize yote, kwa kuwa lililobaki halikuwa na thamani tena. Nikamwambia kwamba ni mimi niliyemwaga maji mwambani mwezi wa Julai, kwamba nilidhani ziwa linakuja kwa sababu yangu, na kwamba ndiyo maana sikuona kama nina haki ya kuomba.

"Akoth aliniambia siku ile ile mliposhuka," akasema. "Mvua hii imenyesha mpaka kwenu Ntimaru, Nyakuria. Imenyesha mpaka Uganda. Wewe ulimwaga kiganja." Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo, "Ni hiyo tu iliyokunyamazisha?"

Nikasema ni hiyo.

Akaangua kilio. Mwanamke yule alikuwa amezaa tisa na kuzika wanne, na sikuwahi kumsikia akilia hivyo hata Aprili. Alilia ameshika magoti yangu, mpaka nikalazimika kuinua sufuria juu isimwagikie. Majirani wakaja mbio kwenye matope wakidhani kuna msiba mpya, wakajaa mlangoni, wakaniuliza ni nani amekufa.

"Achieng'," nikawaambia.